Kliniki ya ngozi iliyoniuliza mionzi ilipita wapi: nawapa nyota nne, ya tano wameila wenyewe

Jina la kliniki siweki, nasema mapema msije mkanisumbua. Humu kuna kusifia na kuna kulalamika na mi hela ya wakili sina. Iko Dar, ghorofa ya pili, ngazi zake ni mateso, aliyewahi kuzipanda atajua ndo yenyewe.

Kwanza historia kidogo manake bila hiyo mtashangaa mtu mzima na akili zake analipa elfu sitini aangaliwe shingo. Mwaka 1995 nilikuwa na miaka 11, tunakaa Singida, shingo ikavimba upande wa kushoto, tezi kubwa kama limau. Tukaanza na chale kwa mzee mmoja wa kijiji cha pili, zikashindikana, tukaja dawa za TB, miezi imepita tezi iko palepale inanitazama, mpaka daktari mmoja akakata kinyama kikapimwa, jibu likaja limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi za limfu. Nikaletwa hospitali ya saratani ya Ocean Road hapa Dar, miaka ile ukisikia mtu anapigwa mionzi Tanzania basi ni pale. Sikumbuki mengi. Nakumbuka bahari iko karibu na mimi siruhusiwi kuogelea, nakumbuka kulazwa peke yangu kwenye chumba na lile lichuma la kobalti juu yangu wote wametoka wamefunga mlango, na nakumbuka wino. Walikuwa wanachora mistari shingoni na kifuani ya kuonyesha mionzi ipite wapi, mama akaambiwa mtoto asisuguliwe hapo, basi mama akawa ananiogesha kwa kitambaa pole pole kama anafuta kioo cha chemli.

Nikapona. Nikasoma, nikaolewa, nikazaa wawili, Hodgkin ikabaki stori ya mama anayoitoa akiwa na wageni. Hakuna siku mtu aliniambia kwamba ngozi ile iliyochorwa wino nayo inatakiwa ifuatiliwe maisha yote, na siwalaumu sana, wakati ule kazi ilikuwa mtoto asife.

Kilichonipeleka kliniki ni msusi wangu. Mwaka jana mwezi wa nane ananifumua nywele akasema dada, hiki kidude nyuma ya shingo mbona kila nikipitisha chanuo kinatoa damu? Nilikuwa nakijua. Kiko pale nywele zinapoishia, cheusi, kinang'aa kidogo, ukubwa wa punje ya dengu, nilishajiamulia ni sunzua. Hakiumi, hakiwashi, kinatoka damu kinakauka, kinaganda, gamba linatoka, baada ya wiki mbili kinarudia. Sasa nyie mnaosoma hapa shikeni hiyo, kidonda au kipele kinachojifanya kimepona alafu kinarudi palepale mwezi wa kwanza wa pili wa tatu, hicho si kipele.

Nikaenda dispensari ya mtaani, nikapewa krimu ya fangasi, wiki tatu bila mabadiliko. Nikaenda sehemu ya pili, hii ni ya ngozi kabisa, ukuta mzima wameweka picha za wadada wana mashavu kama yai la kuchemsha. Daktari hakunyanyuka kwenye kiti. Nikamwambia dokta mi niliugua saratani nikiwa mtoto nikapigwa mionzi hapahapa, akasema "hongera mama, umepambana," alafu akaendelea kuandika. Nikamuuliza hii haiwezi kuwa saratani ya ngozi? Akacheka, akasema ninyi weusi hamna hiyo, labda wenye ualbino. Nikatoka na karatasi ya serum ya kung'arisha, elfu tisini. Nilienda kung'arishwa mimi?? Hao ziro, na ziro yenyewe nawapa kwa huruma. (Na ukiandikiwa chochote cha kung'arisha soma kopo kwanza, hydroquinone na zebaki vilishapigwa marufuku kwenye vipodozi nchini ila mkorogo ndo kama mnavyoujua, ukifukuzwa mlangoni unaingilia dirishani.)

Ila nimtendee haki kidogo. Nusu ya alichosema ni kweli. Sisi wenye ngozi nyeusi saratani ya ngozi ya jua inatupata kwa nadra sana tukilinganishwa na wazungu, na wanaoteseka nayo kweli kweli hapa kwetu ni ndugu zetu wenye ualbino, nina binamu yangu ameshakatwa kipande cha sikio hajafika hata miaka 30. Kosa lake ni kudhani mionzi na jua ni kitu kimoja. Weusi ni mwavuli wa jua. Ile miale ya kobalti inapita hadi ndani kwenye tezi, itajuaje kama juu kuna mwavuli?

Sasa kliniki yenyewe. Nimeipata kwa shemeji yangu ambaye ni nesi. Nikapanda zile ngazi nikafika juu nahema, risepsheni kuna dada mmoja mkali kama pilipili kichaa, anaita namba mara moja tu, usiposikia ameshakuruka. Nilisubiri masaa mawili na nusu wakati apointimenti yangu ilikuwa saa nne kamili. Feni moja kwa watu kumi na kitu. Hapo nusu nyota imeondoka.

Dokta ni binti mdogo, akanipa "shikamoo mama," nikaitikia huku moyoni nauma meno manake nina miaka 41 tu jamani. Nikaanza kumwelezea kidude, hajakiangalia bado, nikagusia saratani ya utotoni, akaweka kalamu chini. Akauliza: mionzi ilipita wapi? Mwaka gani? Mlikuwa mnaenda mara ngapi kwa wiki? Kuna dawa za mishipa, yaani kemo, ulichomwa pia? Umewahi kuwekewa uboho?

Watu wangu, miaka thelathini hakuna aliyewahi kuniuliza hilo swali. Na jibu sikuwa nalo! Makaratasi yangu yote mama aliyaweka kwenye sanduku la mbao Singida, mwaka 2009 tumefungua tumekuta mchwa wameacha kava tu. Nikamwambia dokta vyeti vyangu vimeliwa na mchwa, hakucheka, akatoa karatasi ina mchoro wa mtu mbele na nyuma akanipa kalamu nyekundu, akasema chora pale wino ulipokuwa. Nikafumba macho kidogo. Nikachora, chini ya taya, shingo yote mbele na nyuma, mabega, nikashuka kifuani mpaka karibu na chuchu, na kwapani. Mkono unajua wenyewe. Akaangalia akasema ndivyo walivyokuwa wanafanya zamani kwa Hodgkin, eneo kubwa, siku hizi wanalipunguza. Kidude changu kiko katikati ya wekundu.

Kwa hiyo kipimo changu cha kliniki sasa ni hicho kimoja tu. Ukimwambia daktari ulipigwa mionzi utotoni na asiulize ilipita wapi, inuka, dai hela yako ya faili, ondoka.

Ukaguzi wenyewe ulichukua kama dakika 25. Unavua unapewa gauni, nesi wa kike yupo muda wote, wanaanza kwenye ngozi ya kichwa wanagawanya nywele mstari kwa mstari (nendeni mmefumua, mi nilikuwa na rasta wakanirudisha mara ya kwanza, hilo wangesema kwenye simu), nyuma ya masikio, shingo, mgongo, mpaka katikati ya vidole vya miguu, nyayo na kucha. Wana kijitochi chenye lenzi wanakiita dermoskopi, kinakuza kama mara kumi, anakibandika kwenye ngozi anaangalia, anapiga picha kwa simu iliyounganishwa nacho. Nikauliza nyayo za nini na mionzi haikufika huko? Akasema watu weusi wakipata melanoma, ile saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi, mara nyingi inatokea sehemu ambazo hatuzidhanii, nyayo, viganja, chini ya kucha. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni kimya siku nzima akadakia "kwani Bob Marley si ndo alikufa na ya kidole?" Dokta akasema ndiyo hiyohiyo shemeji, ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, akafa 1981 ana miaka 36. Tangu siku hiyo mume wangu anajikagua kucha kuliko mimi.

Alafu akakaa chini akanieleza, na hapa ndo nyota zimerudi. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa watu waliopona saratani za utotoni, ulianza 1994 na unaendelea kuwafuatilia mpaka leo. Mwaka 2005 walitoa hesabu ya watu zaidi ya elfu kumi na tatu: 213 walikuwa wameshapata saratani ya ngozi isiyo melanoma, karibu nusu yao zaidi ya mara moja, na umri wa katikati ni miaka 31, ugonjwa ambao kwa kawaida mzungu anaupata akiwa babu. Karibu wote ni aina moja inaitwa besali, inaanzia kwenye seli za chini kabisa za tabaka la juu la ngozi. Tisa kati ya kumi walikuwa wamepigwa mionzi, na vivimbe tisa kati ya kumi vilitokea palepale mionzi ilipopita. Aliyepigwa mionzi hatari yake ilikuwa mara sita hivi ya ambaye hakupigwa. Nilivyofika nyumbani nikatafuta zaidi nikakuta mwaka 2012 watu wa utafiti huohuo wamepima dozi, kadiri dozi inavyopanda kwenye sehemu ile ya ngozi ndo hatari inavyopanda, waliopata grei 35 (grei ndo kipimo cha dozi ya mionzi) na kuendelea inakaribia mara arobaini. Melanoma nayo inazidi, kama mara mbili na zaidi ya watu wa kawaida, ila hiyo bado ni nadra.

Kabla hamjakimbia kujifungia ndani: wengi mno waliofuatiliwa kule ni wazungu. Dokta alinisisitizia hilo mara mbili, akasema namba hizi usizibebe zilivyo ukajivisha wewe, ngozi yako bado inakusaidia kwa upande wa jua, ila sehemu iliyopigwa mionzi usiichukulie poa. Nikamuuliza mbona imekaa miaka thelathini kimya? Akasema mionzi inavunja vunja maelekezo ndani ya seli, nyingi zinafa, nyingine zinajirekebisha, chache zinabaki na makosa na zinaendelea kugawanyika nayo taratibu, na jua la kila siku linaongezea. Nikawaza lile sanduku la mama. Mchwa nao hawakuingia siku tuliyofungua.

Akakata kipande kidogo kwa ganzi, sindano ya ganzi inachoma kuliko yenyewe, dakika kumi nimemaliza. Sasa lalamiko langu kubwa: waliniambia majibu siku saba. Yamekuja siku ya 23! Napiga simu naambiwa "mama, yako bado iko maabara," napiga tena "daktari hajasaini," napiga tena simu haipokelewi. Mtu uliyewahi kuambiwa una saratani ukiwa na miaka 11, siku 23 za kusubiri unajua zinakaaje? Nilikuwa naamka saa nane usiku nashika shingo. Mi ndo maana sijatoa tano na sitatoa mpaka wajirekebishe. Hela mnachukua siku hiyohiyo, majibu mnachukua mwezi.

Majibu: besali, ile yenye rangi nyeusi. Dokta akasema kwa watu weusi mara nyingi inakuja na rangi, ndo maana inapita kama alama ya kuzaliwa au sunzua na watu wanaikalia miaka. Habari nzuri ni kwamba besali haina haraka, inakula palepale ilipo na ni nadra sana kusambaa, ukiwahi inakatwa yote na yameisha. Ukichelewa ndo inachimba, ikiwa puani au karibu na jicho inaacha shimo. Yangu ilitolewa yote na kingo zake zikapimwa zikawa safi, nikashonwa nyuzi tano. Kovu limekuwa gumu kidogo kwa sababu ngozi iliyopigwa mionzi inapona kwa kujivuta, alinionya mapema kwamba kidonda kitachukua muda na kweli kilichukua. Chale za yule mzee ziko sentimita mbili pembeni, mume wangu anasema shingo yangu sasa ni kitabu cha kumbukumbu.

Gharama zote, kumuona daktari, kukatwa, maabara na kubadilisha bandeji mara tatu, laki nne na kumi. Bima yangu ililipa kumuona daktari tu, kukatwa wakasema ni "urembo." Urembo! Nimeandika barua, tunaendelea kuvutana.

Kitu ambacho sikutegemea kabisa ni hiki. Wakati naondoka dokta akauliza, matiti umeshapima? Nikasema ya nini, nimekuja ngozi. Akasema mwanamke aliyepigwa mionzi ya kifua utotoni anatakiwa aanze kupimwa matiti mapema, kwenye miaka 25 huko au miaka minane baada ya mionzi, kipi kinakuja mwisho, asisubiri arobaini kama wenzake. Na shingo ikipigwa, tezi ya koo (thairoidi) nayo iangaliwe. Akaandika barua mbili. Nimeenda, matiti salama, tezi ya koo inafanya kazi kivivu sa hivi nameza kidonge kimoja asubuhi, na ule uchovu niliokuwa nausingizia watoto umepungua nusu. Kliniki ya ngozi imenigundulia tezi, we unaipa nyota ngapi hiyo?

Kuhusu kujikinga walinishauri vizuri pia bila kuniuzia kitu, hilo nimelipenda. Nilitegemea nitatoka na mfuko wa makopo. Dokta akasema kwa shingo na kifua nguo inashinda krimu, mtandio uliofumwa kwa kubana wa rangi iliyokolea unatosha, ule laini wa kuonyesha mwanga ni mapambo tu. Kwa hiyo sa hivi nina mitandio minne ya pamba na kwenye daladala nauliza kwanza jua liko upande gani ndo nakaa. Sanskrini nimenunua kwa ajili ya sehemu inayobaki wazi, SPF (namba ya kinga iliyoandikwa kwenye kopo) 30 inazuia kama asilimia 97 ya ile miale inayounguza na 50 inazuia kama 98, kwa hiyo usilipie mara mbili kwa sababu ya namba tu, cha muhimu upake ya kutosha (kwa uso na shingo ni mistari miwili mirefu kwenye vidole viwili) na urudie baada ya masaa mawili ukiwa juani. Ya kwanza niliyonunua famasi elfu 45 ilinifanya niwe kama nimetoka kusaga unga, nikampa mdogo wangu akaikataa nayeye. Binamu yangu mwenye ualbino anatumia Kilisun, ile inayotengenezwa kule hospitali ya KCMC Moshi, wanagawiwa bure kliniki, akataka kunipa kopo lake nikakataa kabisa. Yeye anaihitaji kama chakula, mimi nina mtandio.

Kila mwisho wa mwezi najikagua, kioo cha kabati mbele na kioo cha mkononi nyuma, na mume wangu ananipiga picha ya shingo na mgongo na sarafu ya mia imewekwa pembeni ili ukubwa uonekane. Albamu ya simu imejaa shingo, mtoto wa mwisho aliiona akauliza mama hizi ni za nini, nikamwambia ni ramani. Kwa daktari ni mara moja kwa mwaka, ndivyo miongozo ya watu waliopona saratani za utotoni inavyosema kwa ngozi iliyopigwa mionzi, na kila mwezi mwenyewe.

Kama ulipona ukiwa mtoto na ulipigwa mionzi, iwe Ocean Road iwe India iwe popote, muulize mzazi wako leo wakati bado anakumbuka: sehemu gani, mwaka gani, dawa gani, andika kwenye simu na upige picha ya vyeti kama mchwa hawajakuwahi. Waliopata dawa za mishipa tu bila mionzi hatari ya ngozi si kubwa hivyo, waliowekewa uboho wao waulize zaidi kwa daktari wao.

Marudio yangu ni mwezi wa pili. Yule dada wa risepsheni nitampelekea lita ya asali ya Singida, labda safari hii ataniita namba mara mbili.